Impreza ya ami: mkia uliokuwa unatoka kona za kushoto tu

Kilichonifanya nilale chini ya hii gari ni sauti. Tak. Moja tu, chini nyuma upande wa kulia, na haiji ukipiga shimo wala ukipanda tuta, inakuja pale unapotoa mguu kwenye mafuta na kugusa breki. Ukirudi kwenye mafuta, tak nyingine. Miezi minne nimeisikia nikijiambia ni spea tairi haijabanwa vizuri, nikaibana, nikatoa jeki na spana zote kwenye buti, nikajaza matambara kila mahali, na tak iko palepale.

Gari ni Subaru Impreza WRX, ile bodi ya GC8, ya mwaka 1997. Kwa asiyeijua, hii bodi ilianza Japani 1992, injini EJ20 ya cc 1994 yenye turbo, magurudumu yote manne yanavuta na uzito ni kilo 1,200 na kitu, ndo maana mpaka leo ikiamka inaamka kweli. Huku kwetu jina lake lilijengwa na Safari Rally, Colin McRae alishinda na Impreza 1997, Richard Burns akashinda nayo tena 2000, na ami yangu alikuwa mmoja wa wale wanaofunga safari kutoka Mombasa mpaka bara kwenda kula vumbi tu ili azione zikipita. Alipopata pesa mwaka 2004 akaagiza yake, na ilibidi awahi manake sheria ya Kenya haitaki gari ya kuagiza iliyozidi miaka 8. Ikashuka Kilindini na tangu siku hiyo haijawahi kuishi mbali na bahari. Miaka ya mwisho ndo mibaya zaidi, ami alihamia Maskati kwa wanawe, gari ikabaki nje huko Nyali chini ya mkilifi miaka mitatu, ukisimama hapo usiku mawimbi unayasikia. Aliponiachia funguo aliniambia, "Mwanangu, itunze, usiiuze." Nikamwambia inshallah ami, na neno hilo nalichukulia kwa uzito.

Sasa nieleze kisa chote manake kilinichanganya mimi na kikawachanganya mafundi wawili wazoefu, na najua kuna watu hapa pwani wanaendesha gari zenye ugonjwa huohuo na wanaendelea kununua shoki.

Mbali na tak kulikuwa na dalili tatu. Ya kwanza, mkia. Ukiingia kona ya kushoto kwa mwendo, alafu ukaachia mafuta kidogo tu, nyuma inateleza kwenda nje, si sana lakini inatosha kukukausha mate. Kona za kulia hakuna kitu, gari imekaa kama imepigiliwa misumari. Ya pili, ukienda barabara iliyonyooka usukani hauko katikati, umelala kidogo kulia, na ukiurudisha katikati gari inaondoka. Ya tatu, tairi ya nyuma kulia ilikuwa inalika kwa ndani, na ukipitisha kiganja juu yake upande mmoja unateleza, upande mwingine unakwaruza, kama unapapasa samaki kinyume cha magamba.

Gereji ya kwanza wakasema shoki. Nikanunua shoki mbili za nyuma, zikawekwa, wiki mbili nikaona nafuu (nadhani nilitaka tu kuiona hiyo nafuu), alafu kila kitu kikarudi. Gereji ya pili wakasema shoki zile ni feki, nikanunua nyingine nzuri pamoja na raba zake za juu. Pale pa alainmenti wakapanga magurudumu ya mbele wakaniambia nyuma hii gari haina marekebisho. Hilo si kweli, na ndipo kisa kilipopaswa kuisha mapema.

Nyuma ya GC8 ni kitu rahisi ukikijua. Kila gurudumu lina shoki iliyosimama wima na springi yake, na chini nyumba ya beringi, kile chuma kinachobeba gurudumu, inashikwa na linki tatu. Mbili ni zile za pembeni, ndefu nyembamba, moja mbele na moja nyuma, zinatoka kwenye krosimemba, ile boriti ya chuma iliyokingama chini katikati ya gari, kwenda kwenye gurudumu, hizi ndo zinaamua gurudumu liangalie wapi. Ya tatu ni treilingi amu, inatoka kwenye gurudumu kwenda mbele na kushika bodi kupitia breketi yake, hii kazi yake ni kuzuia gurudumu lisiende mbele wala nyuma. Ukikanyaga breki gurudumu linataka kubaki nyuma, treilingi amu inavutwa. Ukikanyaga mafuta gurudumu linataka kukimbia mbele, treilingi amu inasukumwa. Sasa rudi kwenye tak yangu, inalia lini? Inalia pale tu kuvutwa kunapogeuka kuwa kusukumwa. Shoki haihusiki hapo hata kidogo, shoki inalalamika gurudumu likipanda na kushuka. Hilo ningelifikiria siku ya kwanza ningeokoa bei ya shoki nne.

Na zile linki za pembeni, ile ya nyuma pale inapofungwa kwenye krosimemba ina bolti yenye kishikizo cha umbo la yai, ukiizungusha gurudumu linageuka. Marekebisho yapo! Ila zangu zote mbili zilikuwa zimeganda kwa kutu kiasi kwamba ukiangalia haraka unadhani ni bolti ya kawaida tu, kwahiyo yule jamaa wa alainmenti sijui kama aliangalia au hakuangalia.

Kabla ya kufungua chochote nikapima mwenyewe. Nilichukua mshipi wa kuvulia, nikaufunga kwenye stendi nne, mistari miwili iliyonyooka upande huu na huu, nikahakikisha iko sawasawa na gari, alafu na rula ya chuma nikapima kutoka kwenye mshipi mpaka ukingo wa rimu, mbele ya rimu na nyuma ya rimu. Inachukua saa moja na nusu ukiwa makini, na ukiigusa gari kwa goti unaanza upya. Nilichokuta: gurudumu la nyuma kulia pua yake inaangalia nje kwa milimita 5, la kushoto pua yake inaangalia ndani kwa milimita 2. Maana yake yote mawili yanaangalia kulia! Nyuma ya gari ilikuwa inataka kwenda kulia wakati wote na mimi naishikilia kwa usukani, ndo maana usukani umelala. Na kwenye kona ya kushoto uzito wote unahamia upande wa kulia, yaani juu ya lile gurudumu linaloangalia nje, linapata nguvu linavuta mkia nje. Kona ya kulia uzito unaenda kwa la kushoto ambalo linaangalia ndani, gari inatulia. Dalili zote zikakaa mahali pake, nilikaa pale sakafuni nikafurahi kama mtu aliyeletewa habari ya harusi.

Kilichobaki ni kujua kwanini la kulia limekwenda zaidi. Tulipeleka gari kwenye shimo la gereji ya jirani, tukaweka vipande vya mbao kwenye magurudumu ya mbele nikiacha nafasi kidogo, mdogo wangu akavuta hendibreki ambayo inashika nyuma, akaanza kuisukuma gari mbele nyuma, mbele nyuma. Mi niko chini na tochi naangalia breketi ya treilingi amu ya kulia. Bushi, ile raba ya kwenye kiungo yenye kikombe cha chuma ndani na nje, ilikuwa inacheza, sawa, hiyo nilitegemea. Lakini juu ya breketi, pale inapokutana na bodi, kwenye ile lami nyeusi iliyopakwa zamani, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele na kila gari ikisogea ufa unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, kama mdomo wa chaza. Breketi nzima ilikuwa inatembea na kipande cha bodi. Nikachukua bisibisi, nikagusa tu, sikupiga, ikaingia mpaka nusu.

Nilitoka kwenye shimo nikakaa kimya kidogo. Hii gari nilikuwa napandisha nayo Mazeras na mama amekaa nyuma.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la kutu manake ndo kiini. Watu wanadhani kutu inaletwa na mvua. Mvua inachangia, lakini kwa pwani adui ni chumvi, upepo wa kusi ukianza unabeba chumvi kutoka baharini inakaa kwenye kila kona ya gari, na chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, kwahiyo chuma chako kinabaki na maji hata mwezi ambao mvua haijanyesha. Juu kwenye bodi unaosha. Chini nani anaosha? Na ikioshwa, hii imekuwa mila yetu, baada ya kuosha wanakupulizia oili chafu iliyochanganywa na dizeli chini nzima ili ing'ae. Ami alikuwa anafanyiwa hivo kila baada ya wiki mbili, na aliamini anaitunza. Oili inakaa siku chache inadondoka, vumbi linashika pale, vumbi lina chumvi, na mbaya zaidi oili na dizeli zinakula raba. Nilipozitoa bushi za nyuma kwenye treilingi amu, zilikuwa zimevimba, laini, ukibonyeza kwa kidole gumba linabaki shimo kama halua ambayo haijakaa sawa. Raba ya bushi inatakiwa iwe ngumu inayorudi.

Alafu ile lami. Kuna mtu miaka ya nyuma aliipaka chini ya gari yote lami nzito nyeusi, na aliipaka juu ya kutu iliyokuwepo tayari. Lami ikikauka inapasuka, maji ya chumvi yanaingia kwa ufa, na hayatoki. Unaangalia chini unaona nyeusi safi kabisa, unajisifu, na nyuma yake chuma kinaoza gizani. Nilipoibandua na tindo ilitoka vipande vikubwa kama magome ya mnazi na nyuma ya kila kipande kumeganda magamba ya kutu unene wa sarafu. Mi siku hizi nikiona gari ya zamani chini imepakwa lami mpya na inauzwa, naondoka. Kwa heshima zote kwa wanaoipaka, mi naondoka.

Kazi yenyewe tulifanya mimi, mdogo wangu, na mzee mmoja wa kuchomelea bodi ambaye nilimpata kupitia jirani. Kabla ya kuinua gari nilipima kitu kimoja ambacho nawasihi mkifanye, kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, sentimita 35 na nusu pande zote mbili, nikaandika kwa chaki ukutani. Utaona baadae kwanini.

Bolti ya kuogopa kwenye gari hizi ni moja kila upande. Ni ndefu, inapita kwenye linki ya pembeni ya nyuma, inapenya nyumba ya beringi yote, inatokea kwenye linki ya mbele. Bolti moja inashika vyote. Na kwa vile imelala ndani ya chuma kwa urefu wote huo, kutu inaiganda kila mahali. Nilizimwagia dawa ya kulainisha nati siku nne mfululizo, asubuhi na jioni. Ya kushoto, baada ya kuipasha moto na kuigonga kwa nyundo ya kilo mbili, ikaanza kuzunguka na ikatoka. Ya kulia ilikataa kabisa, nati ilifunguka vizuri lakini bolti inazunguka na bushi nzima, maana yake imeshikana na kikombe cha ndani cha bushi na haitaki kuachana nacho. Tukajaribu moto tena, tukaona moshi wa raba, nikasema basi. Hapo tangi la mafuta liko karibu sana na sikutaka kuendelea kucheza na gesi. Tukakata. Kipande cha grainda hakifiki vizuri katikati ya linki na nyumba ya beringi, kwahiyo tulitumia msumeno wa chuma kwa mkono, tukipokezana, upande mmoja dakika arobaini. Alafu nyumba ya beringi tukaipeleka kwenye presi ya tani 20 kusukuma kipande kilichobaki, kilipoachia kililia kama bunduki na wote tuliruka.

Maadam nyumba ya beringi iko nje tayari nilibadilisha na beringi. Zinaingia kwa kubanwa, na hapa nasema kwa ukali kidogo, beringi haipigwi nyundo. Nimeona ikipigwa, inaingia, gari inaondoka, na baada ya miezi miwili inaanza kuvuma kama ndege inayotua kwa mbali. Presi ipo mjini, bei yake ni ndogo, tumia presi.

Tangi tulilitoa. Mzee wa kuchomelea alisema wazi kabla hajashika kitu, "Mwanangu, tangi likiwa hapo mimi siwashi." Lile tangi limekaa chini ya kiti cha nyuma, limepinda kupisha propela shafti, kwahiyo ekzosi ishuke kwanza, alafu shafti, alafu ndo tangi. Siku nzima. Lakini tulipolitoa tukaona mapaipu ya breki yanayopita juu yake na hapo ndo nikamshukuru Mungu, moja lilikuwa limevimba kwa kutu kiasi kwamba nililikunja kwa vidole likakatika. Hilo lilikuwa limebeba breki yangu ya nyuma. Nilitengeneza mapya ya kopa iliyochanganywa na nikeli, hayashiki kutu, nyuzi ni M10 kwa 1.0 kama gari nyingi za Japani, na mdomo wake lazima ukunjwe mara mbili, ukikunja mara moja unavuja au unapasuka siku unayoihitaji.

Betri tukachomoa, kompyuta ya gari tukachomoa, mazulia na viti nje, ndoo mbili za maji karibu. Mzee akakata kipande kilichooza. Kwa nje kilionekana ukubwa wa kiganja. Alivyokuwa anakata akawa anagonga pembeni kwa nyundo ndogo anasikiliza, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama ubao, na kila akigonga anasogeza mstari wa chaki. Kiganja kikawa sahani. Sahani ikawa sinia. Nilikuwa natamani kumwambia aishie pale lakini nilinyamaza, na alifanya vizuri kuendelea manake kuchomelea chuma kipya kwenye chuma kilichokonda ni kujidanganya, pembeni panakatika tena.

Kipande kipya kilikuwa bati la milimita 1.2, akalikunja kwenye meza kufuata umbo la zamani, mikunjo yote, manake ile mikunjo ndo inayoipa sakafu ugumu. Akakiweka kikakutana na kile cha zamani ukingo kwa ukingo, si kimoja kulalia kingine, ukilaza kimoja juu ya kingine katikati pale maji yanapata nyumba. Alichomelea kwa migi, ile mashine ya waya na gesi, nukta moja hapa, nukta moja kule mbali, anasubiri pakipoa anaweka nyingine. Bati la gari ni jembamba, ukienda mfululizo linajikunja. Mashine ya vijiti isingefaa hapa, inatoboa. Nati za breketi zilikuwa zimeoza na bodi kwahiyo alitengeneza bamba la milimita 4 lenye nati tatu akalichomelea ndani, na kabla ya kulifunga moja kwa moja tulirudisha breketi na treilingi amu kwa muda ili kuhakikisha zimekaa mahali pake, tukapima na upande wa kushoto kwa kamba mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa tumekosea milimita 3. Milimita 3 hapo ni gurudumu limesogea mbele, tungemaliza kila kitu gari ikaenda upande kama kaa.

Chini kote kulikobaki tulikwangua mpaka chuma, brashi ya waya kwenye grainda, na pale grainda haifiki, msasa na vidole. Siku tano hizo. Sina cha kusimulia, ni vumbi na mgongo. Baada ya hapo dawa ya asidi ya fosforiki kwenye vishimo vya kutu iliyobaki, tukaosha kwa maji safi, tukakausha kwa upepo wa kompresa mpaka ndani ya mikunjo, kesho yake epoksi praima mara mbili, silanti ya bodi kwenye viungo vyote, na juu yake rangi ya kijivu. Kijivu kwa makusudi. Nyeusi inaficha, kwenye kijivu kutu ikianza tu unaiona ni ya kahawia. Ndani ya sili, yale maboksi ya chuma yaliyo chini ya milango, na kwenye mashimo ya sakafu nilipulizia nta kwa mrija mrefu, lakini kwanza nilizibua yale matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya sili, yote manne ya upande wa kulia yalikuwa yameziba kwa udongo na lami, na nilipozibua la mwisho yalitoka maji. Gari haijaona mvua wiki tatu, na ndani ya sili kulikuwa na maji.

Krosimemba ya nyuma tuliisugua tukaipaka, ilikuwa na kutu ya juu tu. Oili ya difu nikabadilisha maadam iko wazi, haifiki lita moja. Sehemu za juu zinazoshika shoki, ndani nyuma ya kiti, ambazo kwa gari hizi zinajulikana kuoza, zangu zilikuwa nzima.

Bushi nilinunua Nairobi, Kirinyaga Road, zikaja na basi la usiku. Hapa kuna ubishi mkubwa, raba au poli, ile plastiki ngumu. Mi nimeweka raba kote isipokuwa kwenye stabilaiza, ile fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona. Treilingi amu haiendi juu na chini tu, gurudumu likipanda inazunguka kidogo na kuyumba pembeni kidogo, raba inakubali miondoko yote hiyo, poli ngumu inabana, na ikibana nguvu inaenda wapi? Inaenda kwenye breketi, ileile breketi niliyotoka kuichomelea. Mwenye gari ya mashindano anayekagua kila wiki ana sababu zake. Mi natembea barabarani, nina mashimo na matuta, nimebaki na raba.

Sasa lile la chaki ukutani. Bushi ya raba imegundishwa na kikombe chake cha ndani na cha nje, ukikaza bolti kikombe cha ndani kinabanwa hakizunguki tena, raba yenyewe ndo inajisokota. Kwahiyo ukikaza wakati magurudumu yananing'inia, umeiambia raba kwamba kuning'inia ndo kukaa kwake, na siku zote gari ikiwa chini raba imejisokota, inachanika. Gereji nyingi zinakaza gari ikiwa juu manake ndo rahisi. Mi mwenyewe upande wa kushoto giza lilikuwa limeingia, nikakaza zote gari ikiwa kwenye stendi, usiku sikulala vizuri, asubuhi nikalegeza zote. Unachofanya ni kuweka jeki chini ya nyumba ya beringi, unapandisha polepole mpaka kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi isome 35 na nusu, hapo ndo unakaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Zile bolti ndefu mpya nilizipaka grisi kwenye mwili wake wote kabla ya kuziingiza, ili siku moja mtu mwingine azitoe bila msumeno.

Kisha mshipi tena. Safari hii bolti za yai zinazunguka kama saa, na nikaweka magurudumu yote mawili ya nyuma pua ndani kwa milimita moja moja. Nikapeleka alainmenti, mahali pengine, wakapima kwenye mashine yao, tofauti na mshipi wangu ilikuwa ndogo isiyofika milimita moja, wakapanga mbele kufuata nyuma.

Tak imekwisha. Usukani uko katikati. Kona ya kushoto kabla ya Mazeras, ileile iliyokuwa inanikausha mate, niliingia nikaachia mafuta kwa makusudi na barabara ikiwa tupu, nyuma ikakaa, nikarudi nikaingia tena, ikakaa. Nilimpigia ami Maskati nikamwekea simu karibu na dirisha asikie injini ikipanda, hakusema kitu muda mrefu, alafu akauliza, "Na chini?" Nikamtumia picha ya ile kijivu.

Jumla na mapumziko ilichukua wiki saba. Zile shoki za mara ya pili bado zimo, ni nzuri, hazikuwa na kosa. Msimu wa kusi umepita mmoja tangu tumalize, naosha chini kwa maji safi kila Jumapili, bila oili, na mwezi uliopita niliipandisha nikaangalia na tochi kila mahali. Nta ndani ya sili ipo, matundu yanatoa, mchomeleo hauna hata mstari. Nimekuta doa moja la kahawia ukubwa wa punje ya mchele, kwenye kibanio kimoja cha paipu la breki, pale skrubu ilipokwaruza rangi. Nimelisugua na kulipaka siku hiyohiyo.